Je, Saksofoni ya Ufaransa au Japani Lazima Iwe Bora Kuliko ya Taiwan au China?

"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Tanga na ninapiga saksofoni ya alto katika bendi ya matarumbeta ya kanisa letu. Ala ninayotumia ni ya kanisa, na sasa nimeweka akiba ili ninunue yangu. Nimepata tatu. Ya kwanza ni Yamaha YAS-23 ya mtumba, imeandikwa Japani, ina mikwaruzo na pedi zake mbili zimechakaa. Ya pili ni mpya kutoka Taiwan, inauzwa dukani Nairobi kwa karibu mara mbili ya bei ya hiyo Yamaha. Ya tatu ni mpya ya China, jina lake silijui, inauzwa mtandaoni kwa bei ya chini kuliko zote na inang'aa sana. Mwalimu wangu wa bendi anasema saksofoni ni ya Ufaransa, Marekani au Japani, na kwamba shaba ya kwingineko haina sauti. Rafiki yangu anasema siku hizi zote zinatengenezwa China, ni jina tu linalobadilishwa. Nimwamini nani?"

Marahaba. Hofu yako naielewa vizuri. Akiba ya muda mrefu hutoka mara moja, na hasara ya ala mbaya haiishii mfukoni: mwanafunzi huanza kuamini kwamba hana kipaji, kumbe kosa liko kwenye ala aliyoishika. Nitakujibu moja kwa moja kwanza, kisha nieleze sababu. Kati ya hizo tatu, mimi ningeanza na Yamaha ya mtumba, kwa sharti kwamba fundi aikague kabla hujalipa. Lakini sababu yangu si neno Japani lililochongwa juu yake.

Tuanze na madai ya shaba, kwa kuwa ndiyo yanayopotosha zaidi. Karibu saksofoni zote, ziwe za Paris au za Tianjin nchini China, hutengenezwa kwa shaba ya njano, yaani aloi ya shaba nyekundu na zinki, ambayo kwa kawaida huwa na takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Ni bati la viwandani lenye vipimo vinavyojulikana, na kiwanda chochote chenye nia njema kinaweza kulinunua. Isitoshe, sauti ya saksofoni hutoka kwenye hewa iliyomo ndani ya bomba, inayotetemeshwa na ridi, yaani kipande chembamba cha mwanzi anachokipuliza mpigaji, na kinachoamua tabia ya hewa hiyo ni umbo la ndani la bomba: namna linavyopanuka kutoka shingoni hadi kwenye mdomo mpana wa mbele, pamoja na mahali, upana na kimo cha kila tundu. Mwaka 1971 mwanasayansi Mmarekani John Coltman alichapisha matokeo ya jaribio la filimbi tatu zenye umbo moja la ndani, moja ya fedha, moja ya shaba nyekundu na moja ya mbao, na wasikilizaji wake hawakuweza kuzitofautisha kwa sauti. Saksofoni si filimbi, na wapo wapigaji hodari wanaoshikilia kwamba unene wa bati au aina ya vanishi hubadilisha kitu wanapopiga. Siwabishii kuhusu wanachokihisi. Hata hivyo, kutoka hapo hadi kusema kwamba shaba ya nchi fulani haina sauti ni mbali mno.

Ushahidi ulio karibu zaidi na saksofoni ni ala iliyoitwa Grafton, alto iliyotengenezwa London kuanzia mwaka 1950 kwa plastiki ya akriliki. Charlie Parker, gwiji wa jazi, aliipiga katika onyesho la ukumbi wa Massey Hall, Toronto, mwezi Mei 1953, na mwanajazi mwenzake Ornette Coleman naye aliitumia katika miaka yake ya mwanzo ya kujulikana. Anayesikiliza rekodi ya Toronto humsikia Parker mwenyewe, kwa ukali na wepesi wake uleule. Grafton iliangushwa na mambo mengine kabisa: mwili wake ulipasuka kirahisi, na mafundi waliona taabu kuitengeneza. Utaona baadaye kwa nini nimelitaja hilo.

Huenda pia umesikia kwamba saksofoni za Ufaransa za miaka ya 1950 zilipata sauti yao kutokana na maganda ya mizinga ya Vita Kuu ya Pili yaliyoyeyushwa. Ni hadithi tamu isiyo na ushahidi, na hata kama ingekuwa kweli isingethibitisha lolote, kwa sababu maganda ya risasi na mizinga hutengenezwa kwa aloi ileile ya 70 kwa 30.

Basi tofauti kati ya ala nzuri na mbaya hutoka wapi? Hutoka kwenye kazi zinazokula muda. Bati linapokunjwa na kuwa bomba, kingo za matundu huvutwa nje kutoka kwenye bati lenyewe, na kila ukingo lazima uwe bapa kabisa, maana pedi ya ngozi hukaa juu yake na kuziba hewa. Alto ina matundu zaidi ya 20. Ukibaki upenyo mwembamba kama karatasi kwenye tundu moja la juu, noti zote za chini yake hudhoofika. B ya chini hugoma au hutetereka, mpigaji hukaza mdomo na kusukuma pumzi, na mwisho huambiwa kwamba hapumui ipasavyo. Vibonyezo navyo vinatakiwa viwe vya shaba ngumu, kwa sababu laini hupinda kwa nguvu ya vidole tu, na kibonyezo kikipinda pedi yake haikai tena mahali pake. Fito za chuma ambazo vibonyezo huzungukia zinatakiwa zikae ndani ya mirija yake bila kuchezacheza, na nguzo zinazoshika fito hizo zilehemiwe kwa unyoofu. Halafu kuna kazi ya mwisho, ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya ala nzima: mtu mwenye ujuzi hukaa mezani, huingiza taa ndani ya bomba, na kuirekebisha pedi moja baada ya nyingine mpaka mwanga usipenye popote. Kazi hii haina njia ya mkato. Kiwanda kinachouza kwa bei ya kutupa huanza kukata hapa, kwa sababu mnunuzi hawezi kukiona kilichokatwa. Anachokiona ni vanishi, na vanishi hung'aa kwenye ala mbovu sawasawa na kwenye nzuri.

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya mahali. Mahali kuna maana ya kweli, na sitaki ufikiri kwamba nalipuuza. Mji wenye watengenezaji wengi huwa na mafundi waliojifunza kwa waliowatangulia, wauzaji wa pedi na springi, wachongaji wa nakshi, na wakaguzi wanaoijua ala kwa kuigusa. Elkhart katika jimbo la Indiana ulikuwa mji wa namna hiyo, na vivyo hivyo Mantes-la-Ville karibu na Paris, Hamamatsu nchini Japani na Houli nchini Taiwan. Lakini ujuzi huo umo ndani ya watu, na ubora hutegemea pia maamuzi ya mwenye kiwanda. Watu huhama, na maamuzi hubadilika hata pale ambapo kiwanda hakijasogea.

Tazama yaliyoikuta kampuni ya Conn ya Elkhart. Saksofoni zake za miaka ya 1930 zilipendwa na wanamuziki wakubwa wa jazi, na 10M, tenor yake (saksofoni kubwa kuliko alto na yenye sauti nzito zaidi), ndiyo aliyoipiga Dexter Gordon kwa miaka mingi. Kampuni iliuzwa mwaka 1969, na utengenezaji wa saksofoni ukahamia Nogales, mji wa mpakani kati ya Arizona na Mexico. Tangu hapo wapigaji wengi husema kwamba Conn iliharibiwa Mexico. Ukiichunguza historia utaona jambo jingine: Conn iliacha kukunja kingo za matundu kwa nje ziwe za mviringo, kazi iliyokuwa sifa yake kubwa, mwishoni mwa miaka ya 1940, ingali Elkhart, na miundo mepesi ya wanafunzi ilianza kutoka hukohuko katika miaka ya 1950. Uamuzi wa kupunguza gharama ulitangulia safari ya kwenda kusini, na wafanyakazi wa Nogales wakabebeshwa lawama ya miundo waliyoikuta imekwisha kurahisishwa. Naona ni dhuluma, na hurudiwa hadi leo kila mtu anaposema neno Mexico kana kwamba ni jina la ugonjwa.

Mambo ya kampuni ya Keilwerth yalikwenda kinyume cha hayo. Julius Keilwerth alianza kutengeneza saksofoni katika miaka ya 1920 katika mji wa Graslitz, Bohemia, eneo ambalo wakati huo lilikuwa Czechoslovakia. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajerumani wa eneo hilo walifukuzwa, viwanda vikataifishwa na kuwa sehemu ya kampuni ya Amati, na Keilwerth na mafundi wengine wakaanza upya mjini Nauheim, Ujerumani Magharibi. Mahali palibaki nyuma pamoja na majengo na mashine, ila sifa ya jina iliwafuata watu, na saksofoni za Keilwerth za Nauheim zikaheshimiwa duniani kote.

Mfano unaonifundisha zaidi ni Mark VI, saksofoni ya kampuni ya Selmer ya Paris, ambayo mwalimu wako bila shaka anaiwaza anaposema Ufaransa. Alto na tenor za aina hiyo zilitoka kuanzia mwaka 1954 hadi katikati ya miaka ya 1970. Vipande vyake vilitengenezwa Ufaransa, lakini zile zilizokusudiwa soko la Marekani zilisafirishwa zikiwa hazijakamilika, zikaunganishwa, zikachongwa nakshi na kupakwa vanishi Elkhart. Mwili ni ule ule na vipimo ni vile vile, ila meza ya mwisho ilikuwa bara jingine. Hadi leo wako wanunuzi wanaolipa zaidi kwa iliyokamilishwa Ufaransa, na wengine huapa kwamba ya Elkhart ndiyo yenye sauti. Pande zote mbili zina wapigaji wakubwa. Baada ya zaidi ya nusu karne, pedi na springi za karibu kila moja ya ala hizo zimekwisha kubadilishwa, kwa hiyo kazi ya ile meza ya mwisho, ambayo ndiyo iliyozitofautisha, haipo tena. Kinachopimwa leo ni mkono wa fundi wa mwisho aliyeigusa.

Sifa ya nchi hutembea polepole kuliko ubora wenyewe. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria iliyolazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, na moja ya shabaha zake ilikuwa kumwonya Mwingereza dhidi ya bidhaa za Ujerumani zilizodhaniwa kuwa hafifu. Haukupita muda mrefu maandishi hayohayo yakawa ndiyo yanayowavuta wanunuzi. Japani imepita njia hiyo. Yamaha ilipoanza kuuza saksofoni zake mwishoni mwa miaka ya 1960, wapigaji wengi wa Marekani waliziona kama ala za kuiga. Kampuni ikamshirikisha mpigaji na mwalimu Eugene Rousseau, na alto yake ya YAS-62 ilipotoka miaka kumi hivi baadaye, mabishano yalianza kupoa. Leo mwalimu wako anaitaja Japani pamoja na Ufaransa bila kusita, ilhali mwalimu wa mwalimu wake huenda asingefanya hivyo.

Taiwan ilifuata. Huko Houli, karibu na Taichung, fundi na mpenzi wa muziki aitwaye Chang Lien-cheng aliifungua saksofoni ya rafiki yake iliyoharibiwa na moto, akachora kila kipande, na katika miaka ya 1940 akatengeneza ya kwanza ya kisiwa hicho. Mji huo mdogo ulikua hadi kutoa sehemu kubwa ya saksofoni za dunia, nyingi zikiuzwa kwa majina ya kampuni za nje. Tangu mwanzoni mwa karne hii chapa kama P. Mauriat zimeuza ala za Taiwan kwa wapigaji wa kulipwa bila kuficha zilikotoka. China sasa iko katikati ya njia hiyohiyo. Eneo la Tianjin na jimbo jirani la Hebei lina viwanda vingi, vingine vya kuheshimika, vingine vya kukimbiza idadi, na nchi moja yenye viwanda vya namna zote mbili haiwezi kukupa jibu kwa jina lake peke yake.

Kuhusu rafiki yako: si kweli kwamba zote zinatengenezwa China. Selmer ya Paris bado inatengeneza Mantes-la-Ville, Yanagisawa iko Tokyo na haitengenezi ala nyingine yoyote isipokuwa saksofoni, na Italia kuna karakana kama Rampone & Cazzani. Ukweli wake uko hapa: majina mengi ya zamani ya Marekani leo huchongwa kwenye ala zinazotoka Asia, na kampuni za Ulaya nazo huagiza huko baadhi ya miundo ya bei nafuu. Hata saksofoni za wanafunzi za Yamaha, zilizokuwa zikitoka Japani, sasa nyingi hutoka kiwanda cha kampuni hiyohiyo Indonesia, na mimi sioni sababu ya kuziogopa, kwa sababu kampuni imehama na vipimo vyake, mashine zake na wakaguzi wake. Jihadhari pia na jina Selmer lenyewe. Kampuni ya Paris na ile ya Marekani zilitengana karne iliyopita, na ala ya mwanafunzi yenye jina hilo mara nyingi haijawahi kuiona Ufaransa.

Nirudi kwenye akiba yako. YAS-23 ni ala ya mwanafunzi iliyotengenezwa kwa miaka mingi na kwa wingi, vibonyezo vyake vinavumilia, inakaa vizuri kwenye tyuna, na kila fundi wa saksofoni duniani ameshaifungua. Vipimo vya pedi zake vinajulikana na vipuri vyake vinaagizika. Wala usishtuke ukikuta nyingine haijaandikwa Japani, kwa kuwa baadhi ziliunganishwa Grand Rapids, Michigan, nazo ni nzuri vilevile. Hakikisha tu kwamba si ya bandia: YAS-23 haina kibonyezo cha F-shapu ya juu, kwa hiyo ukikikuta, basi unachouziwa ni kitu kingine. Pedi mbili zilizochakaa ni jambo dogo, ila mara nyingi zilizobaki huzifuata baada ya muda mfupi, kwa hiyo hesabu gharama ya kubadilisha zote kama sehemu ya bei. Mikwaruzo ya vanishi haina uzito wowote.

Ile ya Taiwan inaweza kuwa ala bora zaidi ya tatu hizi. Kama duka linakuruhusu kuipiga, linatoa dhamana ya maandishi na lina fundi wake, na kama fedha ya ziada haikuachi bila chakula, sina neno baya juu yake. Kwa kiwango chako, hata hivyo, sidhani kwamba utasikia tofauti inayolingana na bei mara mbili. Ningependa fedha hiyo iende kwenye mausipisi nzuri (kile kipande kinachoingia mdomoni), ridi za kutosha na masomo.

Ya mtandaoni sikushauri kuinunua. Haiwezekani kuipiga kabla ya kulipa, jina lake linaweza kutoweka mwaka ujao, na viwanda vya aina hiyo hubadilisha vipimo bila taarifa. Fito ikivunjika au kibonyezo kikipinda, hakuna kipuri cha kuagiza, na fundi atalazimika kukichonga kwa mkono kwa gharama inayokaribia bei ya ala yenyewe. Ndiyo yaliyoiua Grafton: sauti ilikuwepo, ila haikutengenezeka. Kwako wewe unayeishi Tanga jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, springi za chuma hushika kutu, ngozi ya pedi huoza mapema, na ala yoyote utakayoinunua itaonana na fundi mara nyingi kuliko ya mtu wa Arusha.

Utakapokwenda kuiona Yamaha, nenda na mausipisi na ridi unazozizoea, ili usije ukalaumu au kusifu kitu kisichohusika. Piga B-fleti ya chini kabisa kwa sauti ndogo, bila kusukuma. Ikitoka bila kubembelezwa, ala haivuji sana. Ikigoma, teremka noti moja moja kutoka juu ili ujue inapoanzia kudhoofika, umwambie fundi. Fungua programu ya tyuna kwenye simu na ulinganishe kila noti ya oktava ya chini na ya juu yake. Shika vibonyezo virefu uvitikise taratibu kwa vidole. Vikicheza kwa kelele, fito zimelika. Mwisho, iangalie shingo kwa ubavu: kama imeinama na sehemu yake ya chini imebonyea, ilivutwa kwa nguvu wakati wa kuingiza mausipisi, na hilo huharibu ulinganifu wa noti.

Yapo mambo ambayo maelezo ya maandishi hayawezi kuyaamua, na hapo mtafute fundi ana kwa ana, hata kama ni kwa kusafiri hadi Dar es Salaam au Mombasa: mwili uliopinda kidogo, ambao jicho lisilozoea halioni, bonyeo lililo karibu na tundu, nguzo iliyowahi kung'oka na kulehemiwa upya, na shingo iliyobonyea niliyoitaja. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuipeleka, ukiacha amana. Akikataa kabisa ala isikaguliwe, achana nayo, hata ikiwa imeandikwa Paris. Na hizo pedi mbili usizibandike mwenyewe kwa gundi ya dukani, maana gundi hiyo hushika papo hapo na haimpi fundi nafasi ya kuisogeza pedi, wakati kuisogeza ndiyo kazi yenyewe. Mchukue na mwalimu wako siku ya ukaguzi, aipige yeye huku wewe ukisikiliza ukiwa umesimama mbali kidogo; aliyeshika ala husikia tofauti na aliye mbele yake, na masikio yake aliyoyanoa kwa miaka mingi yatakufaa hata kama kuhusu shaba hamtakubaliana.